Elki dume yupi wa kupiga mshale? Dhana potofu na ukweli

Septemba ikiingia, waindaji wa upinde huanza kupanda milima ya Colorado. Msimu wao hufunguliwa tarehe 2 na kufungwa tarehe 30, na huangukia wakati elki, kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, wanapandana, madume wakipiga mlio mkali kama filimbi alfajiri na jioni. Colorado ndilo jimbo la Marekani lenye elki wengi zaidi, karibu 280,000. Dume mzima ana uzito wa kilo 300 hivi, na pembe zake za matawi huanguka kila mwaka na kuota upya. Ndugu zetu waliohamia Denver, Colorado, na Boise, jimbo la Idaho, wanaishi jirani kabisa na misitu yenye elki, na mtu anayeanza kuulizia uwindaji hupokea ushauri mwingi. Sehemu kubwa ya ushauri huo haina ukweli.

"Hesabu ncha za pembe, utajua umri wake"

Huwezi. Dume wa miaka 4 anaweza kuwa na ncha 6 kila upande, na mzee wa miaka 12 akawa nazo 6 hizo hizo. Ukubwa wa pembe hutokana na mambo matatu kwa pamoja: umri, lishe ya mwaka ule, na ukoo. Zinaota kuanzia majira ya kuchipua hadi Agosti, na kwenye kilele cha ukuaji huongezeka sentimita 2 na zaidi kwa siku. Mwaka wa ukame huonekana kwenye pembe.

Umri mtazame mwilini. Mzee ana shingo nene, kifua kizito na tumbo lililoshuka, na mgongo wake huanza kubonyea. Kijana ana miguu inayoonekana mirefu kuliko mwili. Jibu la uhakika hupatikana akishalala chini: wataalamu hukata jino la mbele na kuhesabu miduara iliyo ndani yake. Tanzania nayo inakwenda kwa umri kwa simba: kanuni zinamtaka dume mwenye miaka 6 na kuendelea, hata kama mwenye miaka 4 ana manyoya ya kupendeza.

Hata hivyo ncha lazima uzihesabu, kwa sababu ya sheria. Katika maeneo mengi ya Colorado, dume halali ni mwenye ncha 4 au zaidi upande mmoja, au mwenye tawi la chini, lile la juu ya paji la uso, lenye urefu wa inchi 5, yaani sentimita 13 hivi. Jimbo la Montana lina kipimo chake, na jimbo la Utah lina maeneo ambako kibali cha kawaida ni cha dume asiye na matawi tu. Kama huoni sawasawa kwa darubini, usivute uzi.

"Dume mwenye pembe zisizo na matawi ana mbegu mbaya, muondoe"

Huyo ni mtoto wa mwaka jana. Karibu madume wote huota pembe za namna hiyo wakiwa na mwaka mmoja, na mwaka unaofuata huota zenye matawi. Mahali ambapo sheria inamruhusu, mpige kwa sababu unataka nyama yake laini. Hakuna kabila la elki unalolisafisha.

"Mwenye sauti nzito ndiye mkubwa"

Wapo madume wakubwa wenye mlio mwembamba wa kukwaruza, na vijana wanaonguruma. Tena dume mwenye majike mara nyingi hasogei anapoitwa. Akisikia mpinzani, huwakusanya majike wake na kuwaswaga kwenda upande wa pili wa bonde. Anayekuja mbio ni yule anayezunguka pembeni akitafuta nafasi. Ukimkataa kwa sababu unamsubiri bwana mkubwa, jua kwamba bwana mkubwa analindwa na macho na pua za majike 10 au 20, na jike mmoja akishtuka, kundi lote linaondoka.

"Akishafika karibu, mpige"

Hapa ndipo penye uzito wote, na hapa ndipo elki wengi hujeruhiwa bure. Risasi huvunja na kutikisa mwili. Mshale unaua kwa kukata mishipa ya damu, basi. Kwa hiyo lazima upite kwenye mapafu yote mawili au moyo, na kama dume hajasimama namna inayokupa njia hiyo, hujapata dume bado, hata akiwa hatua 15 mbele yako na pembe zake zinapita mabega yako.

Mkao mzuri ni wa ubavu, au ubavu huku kichwa na kifua vimeelekea mbali nawe kidogo. Subiri mguu wa mbele wa upande wako uende mbele. Mfupa wa bega husogea nao na mbavu zinabaki wazi. Lenga nyuma ya bega, theluthi moja ya kifua ukihesabu kutoka chini. Akikutazama uso kwa uso, kati ya kidari na bega kuna uwazi mdogo sana. Wapo wanaoujaribu na kusifu matokeo yake. Mimi nasema mwache.

Umbali nao si suala la ushujaa. Mshale wa upinde wa kisasa huenda mita 80 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kufika mita 40 unachukua nusu sekunde. Sauti ya uzi humfikia mnyama kabla ya mshale, na ndani ya nusu sekunde elki anayetembea amemaliza hatua nzima. Mshale uliolengwa kwenye mapafu unaingia tumboni.

Baada ya kupiga, soma damu. Nyekundu yenye povu ni mapafu: subiri dakika 30 ndipo ufuate. Nyeusi nzito ni ini: subiri muda wa saa 4 na zaidi. Mshale ukitoka na majani ya kijani yenye harufu, umepiga utumbo, na hapo subiri muda wa saa 8 hadi 12. Ukimfuata mapema atainuka na kutembea kilomita nyingi, na huenda usimwone tena.

"Nyama ya dume wa msimu wa kupandana hailiki"

Inalika, na ni tamu. Harufu wanayoilalamikia wengi inatoka kwenye manyoya ya tumbo yaliyolowa mkojo, ambayo dume hujipaka mwenyewe. Ukishika manyoya hayo kisha ukashika nyama kwa mkono ule ule, umeiharibu mwenyewe. Adui wa pili ni joto. Septemba mchana kunaweza kuwa na jua kali, na elki ana mwili mnene unaohifadhi moto. Bila kuchunwa mara moja, nyama huanza kuoza kwenye nyonga, karibu na mfupa. Chuna, tenganisha miguu, ning'iniza kivulini kwenye mifuko inayopitisha hewa.

Dume mzima hutoa nyama isiyo na mfupa ya kilo 90 hivi. Kabla ya kuvuta uzi, angalia alipo. Akiwa chini ya korongo, kilomita 6 kutoka barabarani, utaibeba mgongoni kwa safari kadhaa, na huo ni uzito wa kweli katika kuchagua. Sheria ya Colorado inataka miguu minne na sarara zote zitolewe porini. Anayechukua kichwa na kuacha nyama anatenda kosa kubwa la jinai.

"Dume mkubwa akiuawa kinyume cha sheria, faini ni ile ile"

Mwaka 1995 jangili alimuua Samson, elki dume aliyependwa sana na wakazi wa mji wa Estes Park, Colorado, kwa upinde wenye kifyatulio. Mwaka 1998 Colorado ilipitisha sheria inayoitwa kwa jina lake: dume mwenye ncha 6 au zaidi upande mmoja akiuawa kiharamu, dola 10,000 huongezwa juu ya adhabu nyingine.

"Madume wakubwa wakiisha, vijana watapandisha majike vile vile"

Watapandisha, ila kwa kuchelewa. Utafiti uliofanywa katika msitu wa Starkey, jimbo la Oregon, ulionyesha kwamba majike waliopandwa na madume wa miaka 5 walishika mimba mapema zaidi, na kwa wakati mmoja zaidi, kuliko waliopandwa na madume wa mwaka mmoja. Ndama anayezaliwa mapema Juni ana muda mrefu wa kunenepa kabla ya theluji. Ndiyo maana wasimamizi wa wanyamapori huhesabu madume wangapi wapo kwa kila majike 100, na ndiyo maana vibali vya baadhi ya maeneo hutolewa kwa bahati nasibu ambayo mtu huingojea miaka mingi.