Ukienda kung'oa jino, omba mdomo mzima ukaguliwe

Jino ndilo linaloniuma. Kwa nini nikaguliwe saratani pia?

Kwa sababu wengi wetu hapa Tanga hatumwoni daktari wa meno mpaka jino litunyime usingizi. Siku hiyo umeshakaa kwenye kiti, taa inawaka, daktari ana kioo mkononi. Kukagua mdomo mzima hakufiki dakika tano, wala hakuumi. Saratani ya kinywa ikiwa changa kwa kawaida haina maumivu, na anayesubiri iume huja imeshafika kwenye tezi za shingo. Foleni ikiwa ndefu daktari anaweza kwenda moja kwa moja kwenye jino, kwa hiyo usione haya kusema: "Daktari, naomba unitazame pia ulimi na chini ya ulimi."

Ukaguzi kamili unakuwaje?

Meno ya bandia yanavuliwa kwanza, kwani jeraha hupenda kujificha chini yake. Daktari anatazama uso na midomo, kisha anapapasa chini ya taya na pande zote mbili za shingo akitafuta tezi ngumu au isiyosogea. Baada ya hapo huvuta midomo na mashavu kuona upande wa ndani, na kufuata ufizi wote, juu na chini.

Ulimi ndio unaotaka subira. Unautoa nje, anaushika ncha kwa kipande cha bandeji na kuuvuta kulia, halafu kushoto, ili aone kingo zake mpaka nyuma kabisa. Kingo hizo na sakafu ya mdomo ni miongoni mwa sehemu ambazo saratani huanzia mara nyingi, na ndizo zinazorukwa mtu akiambiwa tu "toa ulimi". Ukiinua ulimi kugusa kaakaa, anatazama chini yake na kupapasa: kidole kimoja ndani, mkono mwingine nje chini ya kidevu. Mwisho ni kaakaa na koo, unaposema "aaa".

Bibi yetu anatafuna tambuu tangu ujana wake, na meno yameshaisha. Naye apelekwe?

Yeye hasa. Asiye na meno haoni sababu ya kwenda kliniki ya meno, lakini ulimi, mashavu na ufizi anavyo. Tambuu ina popoo na chokaa, na mara nyingi tumbaku. Watu huilaumu tumbaku peke yake, lakini mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitaja popoo yenyewe, hata isiyo na tumbaku, kuwa inasababisha saratani. Popoo hukakamaza nyama ya ndani ya mashavu taratibu: kwanza pilipili inachoma kuliko zamani, baadaye mdomo haufunguki vizuri. Mwambie bibi asimamishe vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, avipitishe kati ya ufizi wa juu na wa chini. Visipopita, apelekwe.

Anayeweka ugoro au kuberi chini ya mdomo akague palepale anapouweka. Ngozi hapo huwa nyeupe yenye mikunjo. Mvuta sigara anayekunywa na pombe, iwe bia, gongo au tembo la mnazi, yuko hatarini zaidi ya anayetumia kimoja tu. Na ndugu zetu wenye ualbino wautazame sana mdomo wa chini, kwa sababu jua la pwani huuchoma mwaka mzima.

Dalili gani zisisubiri?

Kidonda ambacho hakijapona baada ya wiki mbili. Baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa (utando wa fangasi kwa kawaida hufutika), au baka jekundu, ambalo ni la hatari zaidi hata likiwa dogo. Jino kulegea bila sababu, tundu la jino lililong'olewa kukataa kufunga, ganzi ya mdomo au kidevu, uvimbe shingoni.

Nimepaka GV na kumeza antibayotiki. Nisubiri tena?

Hapana. Rangi ya GV hufunika baka ambalo daktari anataka kuliona, kwa hiyo acha kuipaka kabla ya kwenda. Antibayotiki haitibu saratani. Uvimbe wa maambukizi yaliyo juu yake ukipungua kidogo, mtu hudhani amepona na kupoteza miezi. Kama jino lenye ncha ndilo linalokwaruza ulimi, lisawazishwe, kisha kidonda kitazamwe tena baada ya wiki mbili. Kisipofunga, kipimwe.

Nasikia kidonda cha saratani kikiguswa na kisu kinasambaa.

Hofu hii imewachelewesha wengi, na si kweli. Unachomwa sindano ya ganzi, daktari anakata kipande kidogo cha nyama pembeni mwa jeraha, panapokutana na ngozi nzima, anashona ikibidi. Kipande kinatiwa kwenye fomalini na kupelekwa maabara. Bila kipimo hicho hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni saratani au siyo. Chukua namba ya kipimo na uulize siku ya majibu, maana wapo wanaopimwa wasirudi tena.

Nikiambiwa niende Dar es Salaam?

Nenda mapema. Saratani ikiwa bado ndogo, upasuaji peke yake unaweza kutosha. Mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kabla ya kuianza meno mabovu yashughulikiwe: yanayong'olewa yapewe kama wiki mbili yapone, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida sana jino likitolewa baadaye. Beba majibu ya maabara na barua ya rufaa, na mwambie daktari dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba.