Bwawa la Koi Huanzia Kwenye Tundu la Chini

Wateja wengi wanaonipigia kutoka hapa Nairobi tayari wana picha kwenye simu: maporomoko ya maji, mawe makubwa, daraja dogo la mbao na koi, wale samaki wa mapambo, weupe wenye madoa mekundu wakipita chini yake. Swali langu la kwanza huwashangaza. Nauliza kinyesi cha hao samaki kitaenda wapi.

Si utani. Koi ni samaki mkubwa. Akitunzwa vizuri hufika sentimita 60 au 70, na anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Kila anachokitoa kinabaki ndani ya maji yale yale anayopumulia, na sehemu kubwa ya taka zake huwezi hata kuiona, maana ni amonia inayotoka kwenye matamvua. Ndiyo maana mimi huchora bwawa kuanzia chini: tundu la kutolea uchafu, halafu bomba, halafu chujio, halafu pampu. Umbo na mawe ya urembo huja mwisho, na bajeti ikibana ndiyo ya kwanza kukatwa.

Tuchukue bwawa ambalo kiwanja cha kawaida cha Ruaka au Kitengela kinaweza kulibeba: urefu mita 4, upana mita 3, kina mita 1.5. Hizo ni lita 18,000. Hapo nakubali koi wakubwa 10 au 12, basi. Mteja akinunua vidagaa vya sentimita 10 huona bwawa tupu na kutaka kuongeza wengine 30. Mwambie asubiri miaka miwili.

Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni kuhusu kina umeandikwa na watu wanaoogopa barafu. Ni haki yao. Koi wa rangi walianza kukuzwa na wakulima wa mpunga kwenye milima ya Niigata, Japani, mahali penye theluji nyingi, na nje ya mkoa huo walijulikana hasa baada ya maonyesho ya Tokyo ya 1914. Kule, maji yakipoa chini ya nyuzi 10 hivi samaki huacha kula na chujio hupumzika. Huku kwetu hakuna likizo hiyo. Baridi ya Julai huwapunguzia hamu kidogo tu, halafu wanaendelea kula, kukua na kuchafua mwaka mzima. Kwa hiyo usinakili vipimo vya chujio la Uingereza ukadhani vinatosha Kiambu. Kina cha mita 1.5 bado nakitaka, ila kwa sababu nyingine: maji mengi hayabadiliki joto haraka kati ya jua la mchana na baridi ya usiku, na korongo hawezi kusimama humo akavua. Kuta ziwe wima. Zile ngazi za kuwekea mimea kando ya bwawa ni meza ya ndege.

Jambo jingine ambalo ushauri wa ughaibuni hauligusi ni mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo zaidi. Maji ya nyuzi 20 hapa yakishiba oksijeni hubeba karibu miligramu 7.4 kwa lita. Maji ya nyuzi 30 kule Dar es Salaam, usawa wa bahari, hubeba karibu 7.5. Yaani ubaridi wetu, ambao tungetegemea utusaidie, unaliwa wote na mwinuko. Pampu ya hewa kwangu si pambo la hiari, iwe Karen au Kigamboni.

Sasa kuchimba. Kwenye udongo mwekundu wa Kiambu kazi ni rahisi, kuta zinasimama zenyewe. Kwenye udongo mweusi wa Kitengela na Syokimau, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto ukaingia, fikiria mara mbili kabla ya kumwaga zege. Udongo ule hufura mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na ukuta wa zege usio na nondo za kutosha utapasuka tu. Pale mimi hupendelea kutandika shuka la mpira aina ya EPDM, unene milimita 1, juu ya mkeka mzito wa kuzuia mawe kuutoboa. Mpira hufuata ardhi inavyocheza. Kupima ni hivi: urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 30 kila upande, na upana vivyo hivyo. Kwa bwawa letu ni mita 7.6 kwa 6.6. Turubai jeusi ambalo wakulima hutandika kwenye mabwawa ya kuvunia maji ya mvua linafaa na ni nafuu, ila ni gumu, halikunjiki vizuri kwenye kona.

Anayetaka zege nampa, lakini ajue kwamba saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji na pH, kile kipimo cha uasidi ambacho 7 ni katikati, hupanda kupita 9. Ubaya wake unaeleweka ukiichukua pamoja na amonia. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, si hata asilimia 1 ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali. Ikifika pH 9, ni zaidi ya theluthi. Kiasi kile kile cha taka ambacho wiki iliyopita hakikuwa tatizo kinaua samaki. Bwawa la zege nalipaka epoksi ya mabwawa, au nalijaza na kulimwaga mara kadhaa hadi kipimo kitulie chini ya 8.5.

Turudi kwenye tundu. Linakaa katikati ya sakafu, na sakafu yote inainamia hapo. Kutoka hapo bomba la inchi 4 linapita chini ya bwawa hadi kwenye chujio. Ndiyo, ni kipimo kile kile cha bomba la choo, na kazi ni ile ile. Usitumie kona kali ya nyuzi 90. Unganisha mbili za nyuzi 45 ili uchafu usikwame. Bomba likishafukiwa hutalifikia tena, kwa hiyo nunua lile zito la kuhimili presha, na ulijaribu kwa maji kabla ya kulifunika.

Chujio likae usawa mmoja na maji ya bwawa, si juu yake. Hapa ndipo hubishana na mafundi wenzangu. Mazoea ni kutumbukiza pampu chini ya bwawa, ivute maji na kuyapandisha kwenye tangi lililoinuliwa. Pampu hiyo inasaga kinyesi kama blenda, na kilichosagwa hakichujiki. Ukiweka chujio usawa mmoja na bwawa, maji yenye uchafu mzima huingia yenyewe, na pampu inakaa mwisho kabisa ikivuta maji safi. Kwa lita 18,000 naweka pampu ya lita 10,000 hadi 12,000 kwa saa. Bomba moja la inchi 4 linazimudu. Maji yanaporudi yaelekeze kando ya ukuta ili bwawa zima lizunguke na kusukuma uchafu katikati.

Chujio lenyewe lina kazi mbili. Tangi la kwanza ni la kutuamisha: maji yanazunguka polepole, vizito vinazama, unafungua valvu ya chini na kumwagia migomba. La pili ni makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Ukitupa gramu 100 za chakula chenye protini asilimia 35, utapata kama gramu 3 za amonia. Ndani ya lita 18,000 hiyo ni miligramu 0.17 kwa lita, kila siku, na bila bakteria hujumlishana. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi nane kujijenga. Bwawa jipya lenye maji meupe kama kioo, samaki 12 ndani na chujio la siku tatu ni hatari kuliko bwawa la kijani.

Bakteria hao wanatumia pia ugumu wa maji, yaani madini ya aina ya chokaa yaliyoyeyuka humo, kama mafuta ya kazi yao, na maji ya mfereji ya Nairobi, yatokayo milima ya Aberdare, ni laini, madini hayo ni machache. Mfuko wa maganda ya chaza ndani ya chujio hutosha kwa kawaida. Dawa ya kuondoa klorini usiisahau unapoongeza maji. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini mara nyingi hayana oksijeni pia, yapitishe kwenye hewa kwanza.

Ukijani wa maji, ambao ni mwani mdogo unaoelea, huondolewa na taa ya UV (mionzi ya urujuanimno). Mwani wa nyuzi hauondolewi nayo, huo ni wa mkono.

Umeme: pampu ya wati 100 na ya hewa ya wati 40 zikifanya kazi usiku na mchana hula karibu yuniti 100 kwa mwezi. Weka swichi ya kukata umeme unapovuja, bila mjadala. Kwa siku za giza, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huendesha pampu ya hewa usiku kucha hata ukitumia nusu ya chaji yake. Maporomoko yanaingiza hewa nyingi, ni kweli, lakini umeme ukikatika yananyamaza pamoja na kila kitu. Na kama umeme umepotea kwa saa nyingi, mwaga maji ya chujio kabla ya kuwasha tena, maana yameoza.

Samaki wapya wakae mwezi mmoja kwenye tangi lao, na neti yao. Kirusi cha herpesi ya koi hakina dawa, na hushambulia maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28, ambayo ni joto la mabwawa yetu karibu mwaka mzima.

Wakizaana, na watazaana, usiwapeleke mtoni. Koi ni Cyprinus carpio, spishi ile ile iliyoingia Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kutawala nyavu za wavuvi wa pale. Wagawie wenye mabwawa, au ondoa mayai kabla hayajaanguliwa: funga mafundo ya kamba za nailoni majini, jike atayabandika humo, nawe utayatoa asubuhi ukayaanike juani.