Sukari za kingamwili haziandikwi kwenye jeni

Wiki iliyopita nilikuwa na mazungumzo ya mtandaoni na wanafunzi wa famasia kuhusu dawa za kingamwili, yaani protini za kinga zinazotengenezwa na seli hai ndani ya matangi, nikaisikia tena kauli hii: "Jeni ni ileile, kwa hiyo dawa ni ileile." Aliyesema ni kijana mwerevu, na wenzake wote wakaitikia. Nimeshaisikia kwa wafamasia, kwa wahandisi, na mara moja kwa mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha bechi iende kwa wagonjwa. Imenichosha.

Jeni inaagiza asidi amino, basi. Inaweza kuweka alama ya mahali sukari itakapokaa: kwa IgG, aina ya kingamwili inayotumika zaidi kama dawa, ni asidi amino ya asparajini nambari 297 kwenye mnyororo mzito, na kwa kuwa minyororo hiyo ni miwili, kingamwili kwa kawaida ina vishada viwili vya sukari. Lakini sukari ipi ifuate ipi, hilo halikuandikwa popote kwenye jeni ya kingamwili. Seli inabandika kwanza kishada kizima cha sukari 14, kisha vimeng'enya vinapogoa na kuongeza wakati protini inapita kwenye Golji, sehemu ya seli inayomalizia protini. Kimeng'enya kikiwahi, galaktosi, mojawapo ya sukari hizo, inakaa. Kisipowahi, kingamwili inajiendea zake bila galaktosi. Ndiyo maana tunapata vishada vya G0F, G1F na G2F (nambari ni idadi ya galaktosi, F ni sukari ya fukosi) na Man5 kidogo, kishada kisichokamilika chenye manosi tano, vyote kutoka tangi moja, siku moja. Kila kichupa cha dawa hizi ni mchanganyiko.

Anayebisha aitazame cetuximab, dawa ya saratani iliyopitishwa Marekani mwaka 2004. Inatengenezwa kwenye seli za panya ziitwazo SP2/0, na seli hizo zina kimeng'enya kinachounganisha galaktosi mbili kwa namna ambayo mwili wa binadamu hauifanyi: alfa-gal. Wagonjwa wa majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani, Tennessee na North Carolina hasa, walianza kupata mzio mkali kwenye dozi ya kwanza kabisa. Utafiti uliochapishwa 2008 ulihesabu wagonjwa 76 waliopewa dawa. 25 walipata mzio, na 17 kati ya hao walikuwa tayari na IgE, kingamwili za mzio, dhidi ya dawa hiyo kwenye damu iliyochukuliwa kabla ya matibabu. Baadaye ikajulikana kuwa kuumwa na kupe ndiko kulikoandaa miili yao. Sasa sikiliza: watafiti walipojaribu kingamwili hiyohiyo iliyotengenezwa kwenye seli za CHO, zitokazo kwa mnyama aitwaye hamsta, IgE hizo hazikuishika. Asidi amino ni zilezile, ila seli imebadilika. Kwa mgonjwa aliyelala pale kitandani, tofauti hiyo ndiyo ya kupumua au kutopumua.

Namna ya kuzidhibiti sukari hizi nitapita haraka, maana wengi wenu mnaijua. Chagua kloni, yaani ukoo wa seli zilizotoka kwa seli moja, vizuri tangu mwanzo. Angalia pH, joto, na siku ya kuvuna. Amonia ikijaa, Golji inapoteza uasidi wake na galaktosi inashuka. Glukosi ikiisha kabisa, utavuna kingamwili zisizo na sukari. Man5 ikizidi, dawa inaondoka mwilini mapema. Ukitaka galaktosi ipande, ongeza yuridini, galaktosi na manganisi, kwa sababu kimeng'enya husika hakifanyi kazi bila manganisi.

Hiyo manganisi nimeijua kwa shida. Kuna bechi moja niliifungua kwenye skrini nikaona kilele cha G1F kimesimama juu kuliko kawaida, na G0F imepungua. Tangi halikuwa na hitilafu, pH ilinyooka siku zote kumi na nne, kloni ni yetu ya kila siku. Tuliwasumbua wahandisi bure kwa siku kadhaa. Mwishowe tukapeleka unga wa chakula cha seli ukapimwe madini. Chumvi ya chuma kwenye shehena mpya ilikuja na manganisi kama uchafu, kiasi kidogo kisichovunja vipimo vya muuzaji hata kimoja. Jeni haikuguswa na mtu.

Halafu kuna hili la fukosi, na hapa naomba mnivumilie. Tangu watu wasikie kwamba kingamwili isiyo na fukosi inashika kwa nguvu zaidi kipokezi FcγRIIIa kilicho juu ya seli za NK, seli za kinga zinazoua, nazo zinaua vizuri zaidi, wimbo umekuwa mmoja: ondoeni fukosi yote. Ni kweli mogamulizumab, iliyopitishwa Japani 2012, na obinutuzumab, iliyopitishwa Marekani 2013, zilisanifiwa fukosi ipungue ili ziue seli zilizolengwa. Lakini pembrolizumab, kingamwili nyingine ya saratani, inafunika PD-1, breki iliyo juu ya seli T za kinga, ili ziamke zipigane na saratani. Nani anataka seli za NK zije kuziua seli T hizohizo? Kabla ya kugusa fukosi, uliza dawa inafanya kazi gani.

Na mnaponiletea ripoti inayosema "asilimia 10 haina fukosi", asilimia 10 ya nini? Kipimo cha kawaida kinatumia kimeng'enya PNGase F kukata vishada vyote kutoka kwenye kingamwili, tunavitia rangi, tunavihesabu. Ni asilimia 10 ya vishada. Kingamwili moja ina viwili. Vikiwa vimepangwa kwa bahati nasibu, kingamwili 81 kati ya 100 zina fukosi pande zote, 18 zimeikosa upande mmoja, na moja imeikosa kote. Kipokezi kinashika kingamwili moja kwa wakati, na utafiti wa 2013 ulionyesha kukosa fukosi upande mmoja kunatosha kuleta uwezo kamili wa kuua. Kwa hiyo zenye makali ni 19. Hesabu hii nimeirudia ubaoni mara nyingi, na bado ripoti zinaandikwa vilevile.

Tena mimi mwenyewe siiamini sana hiyo 18. Inachukulia kwamba pande mbili hazijuani, ilhali zimepita Golji moja, ndani ya seli moja, kwa saa ileile. Seli yenye FUT8 dhaifu, kimeng'enya kinachobandika fukosi, huenda inatoa kingamwili zilizokosa kote, na jirani yake haitoi hata moja. Vivyo hivyo na manganisi: vitabu vinachora galaktosi ikipanda kama ngazi, lakini kuna kloni niliyoiongezea mara tatu na haikusogea, mpaka leo naiwazia.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuruhusu PNGase F, nadai sampuli moja ipite kwenye kipimo cha uzito ikiwa nzima, vishada vyote viwili vikiwa bado mahali pake. Inachukua nusu siku ya ziada. Wenzangu wa maabara wananung'unika, na mimi sitaiacha.