Eti cheti cha kuzaliwa kinatosha kupanda meli?

Wiki haipiti bila mteja kuniambia: "Lakini nasikia meli za kitalii hazitaki pasipoti, cheti cha kuzaliwa kinatosha." Akisema "nasikia" najua kasikia wapi. Kuna mtu aliondoka Miami, akazunguka visiwa vya Karibi, akarudi Miami, kisha akamsimulia nusu ya habari.

Nusu iliyobaki ni hii. Tangu 1 Juni 2009, Marekani inawadai raia wake pasipoti au hati inayolingana nayo wanaporudi kwa bahari kutoka Kanada, Meksiko, Bermuda na Karibi. Imewaachia upenyo mmoja: meli ikianzia na kuishia katika bandari ileile ya Marekani bila kutoka kwenye eneo hilo, raia anaweza kurudi na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto chini ya miaka 16, cheti peke yake.

Sasa tusomeane polepole: raia. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, si raia. Mwenye viza ndiyo kabisa. Wewe mwenye pasipoti ya nchi nyingine, huo upenyo haukuhusu hata kidogo, kwa hiyo tusipotezeane muda.

Hata hao raia wenyewe huteleza. Mmoja aliniletea karatasi ya hospitali yenye nyayo za kichanga zilizopigwa kwa wino. Nzuri sana, tundika sebuleni. Cheti kinachotakiwa ni kile cha ofisi ya usajili wa vizazi, chenye mhuri. Mwingine alikuja na leseni ya udereva tu. Leseni inasema wewe ni nani, haisemi wewe ni raia wa wapi, na hapo ndipo mchezo mzima ulipo.

Na mwenye haki ya kutumia cheti, mimi bado namwambia akate pasipoti. Umeshuka kisiwani, umenogewa na kupatana bei ya kofia, kugeuka meli hiyo inaondoka. Ili uikute bandari inayofuata au urudi nyumbani utapanda ndege, na kwenye ndege ya kimataifa cheti cha kuzaliwa hakikufikishi popote. Ukiugua ukashushwa hospitali ya nchi ya watu, ni yaleyale.

"Sishuki, nabaki melini, viza ya nini?" Orodha ya abiria hutumwa kwa maofisa wa uhamiaji, uwe umelala chumbani melini au unatembea mjini. Kampuni nyingi zinataka uwe na viza zote za njiani kabla hujapanda, na usipokuwa nazo unaachwa gatini, nauli hairudi.

"Viza ya Schengen ninayo." Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; hiyo yako ni ya kuingia mara ngapi? Ukipanda Piraeus, bandari ya Ugiriki, ukaenda Kusadasi upande wa Uturuki, nje ya Schengen, ukarudi Piraeus, umeingia Schengen mara mbili.

"Pasipoti yangu haijaisha." Nchi nyingi zinataka ibakiwe na miezi sita. Hesabu kuanzia siku ya kurudi, si siku ya kuondoka. Picha yake kwenye simu ni akiba ikipotea, haigongwi mhuri.

Kuhusu majina: bibi harusi anakata tiketi kwa jina la mume huku pasipoti ina jina la baba. Tiketi ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, na cheti cha ndoa kiwe mkobani.

Mwisho, ile simu ya usiku: "Wamenipokonya pasipoti!" Hawajakupokonya. Katika baadhi ya safari mapokezi huzikusanya ili maofisa wa bandari wazikague kwa pamoja, na zitarudishwa kabla ya kushuka mwisho wa safari. Baki na nakala ya karatasi ukienda kutembea, maana kadi ya meli inafungua mlango wa chumba chako na kulipia soda. Askari wa mjini haimhusu.