Zawadi za Tabora na Kigoma: yanayosemwa sokoni na ukweli wake

"Asali iliyoganda imetiwa sukari." Kuganda ni tabia ya asali yenyewe. Ndani yake mna glukosi nyingi, nayo hujitenga na kufanya chenga, hasa penye baridi. Ndiyo maana ndoo ya Sikonge iliyopelekwa Njombe mwezi Juni huganda, ilhali iliyoshuka Dar es Salaam bado inamiminika. Kuirudisha, weka chombo ndani ya maji ya moto yanayovumilika mkononi, takribani nyuzi 40, uyabadilishe yakipoa. Ukiibandika motoni moja kwa moja, inapiga weusi na harufu yake inakwenda.

"Njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali ikiwaka, asali ni halisi." Njiti inapima unyevu, basi. Shira nzito ya sukari nayo inawasha njiti, na kwenye glasi ya maji inazama kama asali. Mizani inasema zaidi. Lita 1 ya asali iliyoiva ina takribani kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hukaribia kilo 28, ukiondoa uzito wa ndoo. Ikija kilo 26 ina maji: ama imerinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, ama kuna mkono wa mtu. Asali hiyo huchachuka safarini. Mfuniko unavimba, na ukifungua unapokewa na povu na harufu ya pombe. Shira nzito inaweza kuipita hata mizani, kwa hiyo nunua kwa anayeweza kukwambia imerinwa wapi na lini. Uliza pia bei ni ya lita au ya kilo, maana tofauti yake si ndogo.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma usiipime hivyo. Hiyo ni nyepesi na ina uchachu kwa asili. Usiijaze hadi shingo ya chupa. Na mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali yoyote, hata iwe safi namna gani.

"Dagaa wa Kigoma hawana mchanga." Inategemea wameanikwa wapi. Wa kwenye vichanja huwa safi. Wa chini ufukweni hubeba mchanga, nao hauishi kwa kuosha mara moja. Mwaloni Kibirizi au sokoni, chukua konzi moja, sugua taratibu juu ya karatasi, kisha tazama kilichodondoka. Vunja dagaa mmoja: aliyekauka anakatika kwa mlio, mbichi anapinda. Rangi ya fedha ni dalili njema. Tumbo la njano maana yake mafuta yameshaanza kuharibika, na uchungu wake utausikia kwenye mchuzi.

Masika usiamini ukavu wa dagaa walioanikwa juani kwa muda wa saa mbili tu. Anika upya kwa saa chache, waache wapoe kabisa, ndipo ufunge. Wakifungwa na joto wanatoa jasho, na baada ya siku mbili za treni unafungua ukungu.

Bei nayo hupanda karibu na mwezi mpevu, wala si tamaa ya wauzaji peke yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na sokoni unabaki mzigo wa akiba. Siku hizo kagua mara mbili.

"Mgebuka wa moshi hauozi." Mbonyeze samaki huyu wa Ziwa Tanganyika karibu na mgongo. Penye ulaini bado pana maji, na huoza kuanzia humo.

"Mawese yakiganda yameharibika." Sehemu ya mafuta hayo huganda yenyewe pakipoa, ikatuama chini, yapashe kidogo ukoroge. Kasoro ya kuogopa ni maji: chemsha kijiko kimoja kwenye kikaango, yakirukaruka na kupasuka, yana maji. Dumu liache nafasi ya vidole viwili, weka nailoni chini ya mfuniko, lisimamishe wima, mbali na nguo. Likikuvujia hata hivyo, fua kwa sabuni na uanike juani. Wekundu wa mawese hupaushwa na jua.

"Kitenge cha Kigoma ni cha Kongo." Kuvuka ziwa hakumaanishi kilitengenezwa huko, vingi vinatoka China, na maandishi ya ukingoni hayathibitishi kitu. Geuza nyuma: kitenge kizuri cha nta rangi zake zinakaribiana pande zote mbili. Pima pia. Yadi 6 ni kama mita 5.5, na fundi ndiye atakayegundua pungufu kama wewe hukugundua.

"Kipande kidogo cha ngozi hakina shida." Kina shida kama ni cha mnyamapori. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na nyara bila kibali ni kosa, iwe ngozi, jino au kucha. Muuzaji asiye na karatasi mwachie mali yake.