Kwa nini mafua ya ndege humaliza banda zima la kuku, lakini kwa binadamu huingia kwa tabu?

Kila yanapotangazwa mafua ya ndege, anayeogopwa kwanza ni kuku aliye kwenye sufuria. Wanunuzi wa nyama hupungua, mayai hudoda, na hata supu iliyochemka saa nzima hutazamwa kwa jicho la shaka. Supu hiyo imeonewa bure. Kirusi cha H5N1, kimojawapo cha virusi vya mafua ya ndege, hakistahimili nyuzi joto 70 za Selsiasi, kwa hiyo nyama iliyoiva hadi kwenye mfupa haina cha kumwambukiza mtu. Aliye hatarini ni yule aliyemshika kuku mgonjwa angali anapumua, akamchinja, akamnyonyoa, akatoa matumbo, kisha akafagia banda huku vumbi la kinyesi na manyoya likimjaa puani.

Jambo hili lilichunguzwa mapema. Mwaka 1997, huko Hong Kong, H5N1 kiliwaambukiza watu 18 na kuua 6, mara ya kwanza kirusi hicho kuonekana kikimuua binadamu. Serikali iliamuru kuku wote wachinjwe, zaidi ya milioni moja, na wagonjwa wapya wakakoma. Wachunguzi walipowalinganisha waliougua na wasiougua, tofauti ilijitokeza kwa waliokuwa karibu na kuku hai siku chache kabla ya kuugua, hasa kwenye masoko. Kula kuku, au hata kuandaa nyama yake, hakukuonyesha uhusiano wowote na ugonjwa.

Ubichi, hata hivyo, ni habari nyingine. Mwaka 2004 nchini Thailand, makumi ya simbamarara wa bustani moja ya wanyama walikufa baada ya kulishwa mizoga mibichi ya kuku. Yaani kula kunaweza kuambukiza, mradi aliyekula hana jiko. Kwa upande wa watu, damu mbichi ya bata imewahi kushukiwa, ingawa aliyekunywa damu hiyo mara nyingi ndiye aliyemchinja bata, na ni vigumu kusema ni lipi kati ya hayo mawili lililomponza.

Sasa, kwa nini kuku elfu nzima waugue kwa siku chache, na mchinjaji wao abaki mzima?

Kirusi cha mafua hakiwezi kufanya lolote kabla ya kujishikiza kwenye seli, na hujishikiza kwenye sukari fulani zilizoota juu ya seli hizo. Zipo za aina mbili, na kinachozitofautisha ni kiungo kimoja tu cha kikemikali kinachozipa maumbo tofauti. Chukulia kwamba ni soketi za umeme, na kirusi ni plagi. Kwenye utumbo na njia ya hewa ya ndege wa majini, soketi nyingi ni za aina ya kwanza, na plagi ya mafua ya ndege imechongwa kwa ajili yake. Kuku nao wanazo tele. Kwa binadamu, vyumba vya mbele, yaani pua na koo, vimejaa soketi za aina ya pili. Plagi ya ndege ikifika hapo hugonga ukuta. Lakini nyumba hiyohiyo ina soketi za aina ya kwanza kwenye vyumba vya ndani kabisa, kule chini kwenye vifuko vidogo vya hewa vya mapafu. Anayevuta hewa yenye virusi vingi, tena kwa muda mrefu, anaweza kuviingiza hadi huko.

Hapo ndipo mambo mawili yanayoonekana kupingana yanapopata maelezo mamoja. Ugonjwa ni nadra kwa sababu chumba kiko mbali na mlango. Ugonjwa ni mkali kwa sababu chumba chenyewe ndicho damu inakochukulia oksijeni. Na kwa kuwa virusi viko kule chini badala ya kooni, mgonjwa akikohoa hawarushii wenzake vingi. Maelezo haya yamerahisishwa kidogo: maabara zimewahi kuona kirusi kikikua hata kwenye tishu za nyuma ya pua, kwa hiyo soketi si hadithi yote.

Jicho nalo lina soketi za ndege. Mwaka 2003 nchini Uholanzi, aina nyingine iitwayo H7N7 iliwapata watu 89 waliothibitishwa, na wengi wao waliugua macho mekundu tu; daktari mmoja wa mifugo alifariki kwa nimonia. Hali kama hiyo ilijirudia Marekani kuanzia 2024, H5N1 kilipoingia kwa ng'ombe wa maziwa: wakamuaji walipata macho mekundu, wengine pengine kwa kurukiwa na maziwa yenye virusi.

Tangu 2003, wagonjwa wa H5N1 waliothibitishwa duniani wamezidi 900, na karibu nusu wamefariki. Nusu hiyo isomwe kwa tahadhari. Anayepimwa mara nyingi ni aliyezidiwa akalazwa. Aliyewashwa macho siku mbili akapona hahesabiwi.

Kinachowanyima usingizi wataalamu ni plagi kuchongwa upya. Utafiti uliotolewa mwishoni mwa 2024 ulionyesha kwamba kwenye protini ambayo ndiyo plagi ya kirusi cha ng'ombe wa Marekani, badiliko la asidi amino moja (kipande kimoja kati ya vinavyoijenga protini), ile ya nafasi ya 226, lilitosha kuifanya ishike sukari za binadamu. Moja tu! Ila iliyojaribiwa ni protini peke yake, si kirusi kizima. Na kirusi kizima kina kikwazo kingine: kimezoea mwili wa ndege wenye nyuzi joto 40 au zaidi, wakati pua ya mtu ina takriban 33, na mashine ya kirusi ya kujinakili hupooza kwenye baridi hiyo. Kwa kikwazo hicho kuna badiliko jingine, kwenye nafasi ya 627 ya protini iitwayo PB2, sehemu ya mashine hiyo, ambalo tayari limeonekana mara nyingi kwa mamalia na kwa baadhi ya wagonjwa. Ndiyo maana sampuli za wagonjwa wapya husomwa jeni kwa jeni, na namba hizo mbili ni kati ya zinazotazamwa kwanza.