Leo mboga gani? Maswali na majibu kuhusu kula vya mimea tupu

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi napika na majirani zangu uani hapa Tabata, Dar es Salaam. Tunawasha majiko mawili ya mkaa na moja la gesi, na hakuna sufuria inayoingia nyama, samaki, yai wala maziwa. Nilisomea lishe, na huu ni mwaka wa tisa sijala kitokanacho na mnyama. Tukisubiri chakula kiive, watu huuliza. Maswali yanayorudi mara kwa mara nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu.

Sisi mboga tumekula tangu zamani. Hiki kipya ni kipi?

Neno lenyewe ndilo linalotuchanganya. Muulize mtu wa Dar "leo mboga gani?" atakujibu "samaki", na hajakosea, maana mboga kwetu ni chochote cha kulia ugali au wali. Ukisema "sili nyama" unaletewa kuku, kwa sababu kwa wengi nyama ni ya ng'ombe na mbuzi tu. Hapa nazungumzia kula vinavyotoka kwenye mimea peke yake: nafaka, jamii ya kunde, mizizi, majani, matunda, karanga na mbegu. Nyama hamna, na kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, samli na asali pia hamna. Jina vegan lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, na siku hizi hata vijana wa hapa mjini wanalitumia. Ulaji huu si sawasawa na ule wa majirani zetu Wahindu wa Kisutu na Upanga, ambao wengi hawali nyama kwa imani lakini maziwa na samli wanatumia.

Mimi nilianzia kwenye huruma. Nilikuwa napita Shekilango asubuhi nikienda kazini, nawaona kuku waliofungwa miguu wakining'inia vichwa chini kwenye bodaboda, midomo wazi kwa joto. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini kuku wale haikuwafikia. Afya niliifikiria baadaye. Wengine wanakuja uani kwangu kwa ajili ya presha, wengine kwa ajili ya wale kuku, na wote nawakaribisha.

Bila nyama, protini nitaitoa wapi?

Mtu mzima mwenye afya anahitaji karibu gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mama wa kilo 60 basi anahitaji kama gramu 48. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, na konzi ya karanga ya gramu 30 ina kama 7. Weka ugali wa dona, chapati na bakuli la choroko jioni, umeshafika.

Mahindi yana lisini kidogo, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya protini. Maharage yana lisini tele, ila yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo makande ya Wapare ni chakula kilichokamilika. Wala si lazima vyote vikutane kwenye sahani moja. Ukila kimoja mchana na kingine usiku inatosha.

Jambo moja la sokoni: yale maharage yanayouzwa kwa jina la soya njano ni maharage ya kawaida. Ni matamu, lakini si soya. Soya yenyewe ni punje ndogo za mviringo, na gramu 100 za soya kavu zina protini kama gramu 36, wakati maharage makavu yana kama 22.

Lakini nikiwasikiliza watu vizuri, naona protini siyo inayowasumbua. Wanaona aibu. Dar tukisema "mtoto wa mboga saba" tunamaanisha kwao wanazo. Maharage yamebaki na sifa ya bweni na ya siku za mwisho wa mwezi, na mtu akipata pesa kidogo anayakimbia. Inaniuma, kwa sababu mapishi haya ni ya bibi zetu na yana ustadi mwingi. Pika kunde za nazi, matembele, bamia, biringanya za kukaanga, majani ya maboga kwa karanga, choroko na kachumbari. Hesabu mwenyewe: ni mboga saba.

Nina upungufu wa damu, nimeambiwa nile maini. Nifanyeje?

Kwanza meza vidonge ulivyoandikiwa mpaka umalize, na upime tena. Chakula peke yake huchelewa kupandisha damu iliyokwisha kushuka, na upungufu wa damu una sababu nyingi: hedhi nzito, minyoo, malaria, selimundu.

Madini chuma ya kwenye mimea mwili huyafyonza kwa shida kuliko ya kwenye nyama, ila jikoni unaweza kuusaidia. Vitamini C ikiliwa kwenye mlo uleule huongeza ufyonzaji sana. Kamulia ndimu kwenye maharage, kula chungwa, pera au embe, au kunywa juisi ya ubuyu isiyojazwa sukari. Adui mkubwa mezani kwetu ni chai. Chapati na maharage na chai ya rangi ni kifungua kinywa cha nusu ya mji huu, na tanini ya chai inayashika yale madini kabla mwili haujayapata. Sikukatazi chai. Subiri saa moja hivi baada ya kula ndipo unywe. Kahawa nayo ni vilevile.

Ni kweli kuna vitamini isiyopatikana kwenye mimea?

Kweli, nayo ni B12. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana niliumia mwenyewe.

Mwaka wa nne wa kula hivi nilianza kusikia ganzi kwenye vidole vya miguu, kama nimevaa soksi nzito. Nikasema ni kusimama kwenye daladala kutoka Tabata mpaka Posta. Halafu ganzi ikaja mikononi, nikawa nasahau nilichotumwa dukani. Zahanati ya kwanza nilipewa dawa ya minyoo nikarudi nyumbani. Miezi ikapita mpaka daktari mmoja akaniuliza nakula nini, akaagiza kipimo, na B12 ikakutwa chini kabisa. Nilichomwa sindano kwa miezi kadhaa. Miguu imepona, kidole kimoja cha mkono mpaka leo kinafa ganzi asubuhi. Na nilikuwa nimesomea lishe. Nilijidanganya kwamba uyoga na mwani wa Zanzibar vinatosha.

Havitoshi. B12 hutengenezwa na bakteria, na binadamu huipata kupitia vyakula vya wanyama au vilivyoongezewa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu anaanza kula mimea tupu, anajiona mzima, na madhara yanakuja akiwa ameshasahau. Ikikosekana, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika, na mishipa ikiachwa muda mrefu huenda isirudi. Asidi ya foliki, ambayo imejaa kwenye majani na kunde, inaweza kuificha dalili ya upungufu wa damu huku mishipa ikiendelea kuumia.

Kwa hiyo meza kidonge. Mikrogramu 10 au zaidi kila siku, au kidonge kikubwa cha 2000 mara moja kwa wiki. Soma maandishi ya pakiti, kwa sababu baadhi ya vidonge vinavyoitwa B complex havina B12 ndani yake. Baadhi ya unga wa dukani huongezewa B12, angalia ubavuni mwa mfuko, lakini usiutegemee peke yake. Anayetumia metformini kwa kisukari ana sababu ya ziada ya kupimwa, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wa B12. Kama ganzi imeshaanza, usijitibu; nenda hospitali, na useme wazi unakula nini.

Maharage yananijaza gesi.

Loweka usiku kucha, maji yale mwaga, pikia mapya. Sukari zinazoleta gesi nyingi huondoka na maji hayo, na mkaa nao unaokoa. Anza na kiasi kidogo kila siku; tumbo huzoea baada ya wiki chache. Choroko na dengu zilizokobolewa ni nyepesi zaidi kwa anayeanza.

Magadi huyalainisha haraka, ndiyo, lakini huua vitamini B1, kwa hiyo mimi siweki. Na maharage mekundu yachemke kwelikweli, povu likipanda, angalau nusu saa. Yakiwa nusu bichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha.

Kisamvu na karanga ni salama?

Kisamvu ni salama kikitwangwa vizuri na kuchemshwa sana, sufuria wazi, mvuke utoke, kwa kuwa majani na mizizi ya muhogo vina kemikali inayotoa sayanaidi, ambayo ni sumu. Karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu tupa zote, usichambue ukabakiza. Kuvu hutengeneza sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukaanga hakuimalizi.

Mimi ni mjamzito. Na mtoto wangu je?

Inawezekana, kwa uangalizi. Kliniki utapewa vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki. Vimeze, na kumbuka kwa kawaida havina B12, kwa hiyo kidonge cha B12 kinaendelea, wakati wa mimba na unaponyonyesha. Mama asiye na B12 humnyonyesha mtoto maziwa yasiyo nayo, na mtoto huumia haraka kuliko mtu mzima.

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu. Baada ya hapo endelea kumnyonyesha, na usimpe maziwa ya soya ya dukani wala tui badala ya maziwa. Tumbo la mtoto ni dogo na uji mwepesi humshibisha kabla hajapata nguvu, kwa hiyo uwe mzito, wenye karanga zilizosagwa laini au ufuta, na ponda viazi lishe, parachichi na maharage. Kuhusu mtoto, sikushauri uamue peke yako. Hospitali nyingi za wilaya zina afisa lishe. Nenda mkapange naye, na uzito wa mtoto upimwe kila mwezi.

Mifupa, je, bila maziwa?

Kula sukuma wiki, figili na chainizi mara kwa mara. Kalisi yake, yaani madini ya mifupa, hufyonzwa vizuri. Mchicha una mengine mengi mazuri, ila sehemu kubwa ya kalisi yake imefungwa, mwili hauipati. Ongeza ufuta, na tembea juani. Jambo linalosahaulika ni chumvi: ukiacha samaki umepunguza chanzo cha madini joto, kwa hiyo nunua yenye madini joto, ile ya mawe ya kupima kwa kopo mara nyingi haina. Na iwe kidogo, kijiko cha chai kimoja kwa siku ndio mwisho, kwa vyakula vyote.

Nina presha na sukari. Nikihamia huku nitapona?

Sikuahidi kupona. Majani, kunde na nafaka zisizokobolewa husaidia kushusha vyote viwili, lakini chipsi na soda pia ni mimea tupu, na maandazi pia. Tui la nazi lina mafuta mengi yanayoganda, basi isiwe kila mlo. Siku nyingine tumia karanga au nyanya. Ukila vizuri ghafla huku unameza dawa za sukari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, kwa hiyo mwambie daktari kabla. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kabisa bila daktari, kwa sababu maharage na ndizi vina potasiamu nyingi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha majani anachokula.

Lakini vinakosa ladha.

Njoo Jumamosi ule mbaazi. Chagua mbaazi kavu zisizotobolewa, loweka usiku, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive bila kurojeka. Zikune nazi mbili, kamua tui zito weka kando, kisha tui jepesi. Mimina jepesi kwenye mbaazi pamoja na kitunguu kilichokatwa, bizari ya manjano, chumvi na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, maana tunataka harufu yake zaidi ya ukali. Likikauka nusu, tia tui zito na usiondoke jikoni: koroga taratibu upande mmoja, moto mdogo, lisikatike. Linapoanza kuzishika mbaazi, epua. Ndimu baadaye, mezani. Chapati kanda kwa mafuta ya alizeti badala ya samli, na mahamri kwa tui badala ya maziwa. Hayo ya pili yananukia kuliko ya maziwa, nasema bila kusita.

Mama mkwe wangu yuko Tanga. Kila nikienda ananichinjia kuku. Nikikataa si nimemvunjia heshima?

Kumchinjia mgeni kuku ni kumpenda, na ukikataa mbele ya sahani utamuumiza. Huruma niliyo nayo kwa kuku siwezi kumnyima yeye. Mpigie mapema: "Shikamoo mama. Nakuja Ijumaa, na nimekuwa nikiziota mbaazi zako. Naomba nikija tuzipike wote, nazi nitabeba." Ukimwomba chakula chake fulani umemheshimu kuliko ukimwambia unachokataa. Kaa naye jikoni, na uulize kwa upole kama mchicha unatiwa ng'onda au kamba, ili akutolee wako kabla hajavitia. Ukikuta ameshamchinja, shukuru, waachie watoto, na hapo mezani usihutubie mtu. Akikuuliza kwa nini, mweleze mkiwa wawili, jioni, mkichambua mbaazi za kesho.